Jumatatu Waliyokuja Wakwe

Mwaka wa tisini na nane, mvua kubwa zilipokwisha na barabara za Mpanda zikaanza kupitika tena, Pudensiana binti Ponsian alikuwa na miaka ishirini na tisa, na watu wa mtaa wa Majengo walikuwa wameacha kumuuliza ataolewa lini. Walimuuliza mambo mengine. Gauni la komunyo ya kwanza litakuwa tayari Ijumaa au Jumamosi, na sketi ya shule inaweza kushushwa upindo mwaka mmoja zaidi au basi tena. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba yake, ikitazama barabara ya kwenda sokoni.

Wateja wapya walimsifu kwa upole. Hakumpandishia mtu sauti, hata yule mama wa Shanwe aliyerudisha blauzi moja mara nne. "Dada Pude hana hasira kabisa," walisema. Wenyeji wa zamani wakisikia hivyo walitazamana, wakabadili mazungumzo.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane alikuwa anatunga uzi kwenye sindano alipomwona mwanamke mzee anavuka barabara. Alikuwa mrefu, amejitanda kitenge cha bluu, anatembea mkono mmoja ukiwa kiunoni kama mtu anayeumwa mgongo lakini hataki kuulizwa. Pudensiana alimjua kabla hajafika kwenye ngazi. Uzi ukamponyoka.

"Hodi hapa kwa fundi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mama yule aliketi kwenye benchi, akafungua fundo la kanga na kutoa kitambaa kipya, cha kijani chenye maua meupe. "Nataka gauni la kanisani. Mikono mirefu. Usinibane."

"Sawa, mama. Simama nikupime."

Pudensiana alichukua futi yake ya kitambaa. Akaikunjua. Akapima mabega. Akapima mkono. Kisha ikabidi amzungushie futi kifuani, na kwa kufanya hivyo akawa kama anamkumbatia. Harufu ya moshi wa kuni na samli ikamfikia puani, na hapo hapo akakumbuka maneno aliyoyasema juu ya harufu hiyo, mbele ya watu, akiwa na miaka ishirini na miwili.

"Umepata ngapi?" mama aliuliza.

"Thelathini na sita, mama."

"Nimekonda. Uliponiona mara ya mwisho nilikuwa na mwili."

Futi ikaanguka sakafuni. Pudensiana hakuiokota. Alibaki nyuma ya yule mama, akitazama shingo yake na mvi zilizochomoza chini ya kilemba.

"Mama Enoka," alisema.

"Ndiye mimi. Nilikuwa nangoja nione utaniita saa ngapi."

* * *

Enoka mwana wa Mwandu alifika kwenye baraza hilo mara ya kwanza mwaka wa tisini, juu ya baiskeli, kutoka Sibwesa, ambako wazazi wake walikuwa wamehamia na ng'ombe wao wakitokea Usukumani. Shati lake la kwaya lilikuwa limechanika begani. Pudensiana alimwambia linashoneka sasa hivi, lakini alivue. Akalivua kwa kujificha nyuma ya mlango, akavaa koti juu ya kifua kitupu, akaketi kwenye benchi la nje, jua la saa saba, jasho likimtiririka.

"Vua basi hilo koti, kaka, utaungua," Pudensiana alimwambia.

"Sijatambulishwa kwenu," alijibu. "Nitakaaje kifua wazi?"

Pudensiana alicheka mpaka mshono ukaenda upogo. Ijumaa iliyofuata Enoka akarudi, mshono upogo ndio sababu. Ijumaa nyingine akaleta suruali ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Jina lako refu," alimwambia siku hiyo. "Mimi nitachukua nusu. Siana."

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Siku ambazo treni ya Tabora ilitegemewa, vijana wa mjini walikuwa na kawaida ya kwenda stesheni kutazama wanaoshuka, na wao walikwenda pia, Enoka akisukuma baiskeli katikati yao ili watu wasiseme. Watu wakasema. Wiki ambazo hakuweza kuja, Enoka alituma barua kwa karatasi za daftari kupitia madereva wa malori, na Pudensiana alizisoma chini ya meza ya cherehani, mguu ukiwa bado kwenye pedali ili mama mzazi, aliyekuwa hai wakati huo, asikie cherehani inazunguka na kudhani kazi inaendelea.

Mzee Ponsian hakutaka. Alikuwa Mpimbwe wa Usevya, mkulima wa mpunga, mtu wa misa ya kwanza. "Kwanza si Mkatoliki," alisema. "Pili ni Msukuma. Ng'ombe wa Wasukuma wamekula mpunga wa kaka yangu msimu mzima, na mimi ndiye niwape binti?" Ilichukua miezi minane. Alikuja kulainika polepole, kwa sababu Enoka alimsalimia kila Ijumaa kwa heshima ile ile, aitikiwe au asiitikiwe. Mwisho mzee mwenyewe ndiye aliyewaandikia ndugu zake wa Usevya waje, Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na moja, siku ambayo wakwe wangeleta ng'ombe.

Ndugu wakaja. Wali ukapikwa sufuria mbili kubwa. Mzee Ponsian akavaa koti lake la harusi tangu asubuhi, akakaa barazani anatazama barabara. Saa sita ikapita. Saa kumi ikapita. Jua linazama, dada yake, shangazi Josefina, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ponsian, uliambiwa usiwaamini." Jumapili akavaa koti tena baada ya misa, akakaa tena. Jioni ndugu wakaanza kufunga mizigo. Pudensiana alichungulia chumbani na kumwona baba yake analikunja lile koti taratibu, mkono juu ya mkono, analilaza sandukuni bila kusema neno. Kitu kikampanda kifuani, na usiku kucha hakikushuka.

Jumatatu saa nne asubuhi wakatokea. Mzee Mwandu mbele na fimbo yake, mkewe nyuma yake, Enoka na binamu zake wawili wakiswaga ng'ombe. Walikuwa wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mtu mmoja akasema wageni wapewe maji, na Pudensiana ndiye aliyekuwa karibu na mtungi. Akachota jagi, akashuka ngazi, akaenda mpaka mbele ya Mzee Mwandu, ambaye alikuwa ameshanyoosha mikono kupokea.

Akayamwaga chini, miguuni pake.

"Siku mbili," alisema, na sauti yake ilifika mpaka ng'ambo ya barabara. "Siku mbili baba yangu amevaa koti anawangoja nyie. Nyie watu hata siku za wiki hamzijui. Mnanuka ng'ombe, akili zenu za ng'ombe, na hao mliowaleta warudisheni, mimi siendi kuolewa zizini." Akamgeukia mama yake Enoka. "Na wewe mama, kama hukumfundisha mwanao heshima, usitegemee mimi ndiye nimfundishe."

Enoka alifungua mdomo. Akamtazama baba yake. Akaufunga.

Mzee Mwandu alishusha mikono yake, akaipangusa kwenye shuka, ingawa haikuwa na maji. "Tumesikia," alisema. Akawageuza ng'ombe.

Watu wote wa Majengo waliona ng'ombe wale wakirudi walikotoka. Na kwa siku tatu Pudensiana alijiona ameshinda.

Siku ya Alhamisi mwinjilisti mmoja alipita kwa baiskeli akitokea upande wa Sibwesa. Alisimama kwa Mzee Ponsian kutoa pole ya msiba, akidhani wanajua. Msiba gani? Msiba wa Mzee Luhende, kaka mkubwa wa Mwandu, aliyekuwa anakuja kuwa msemaji wa ukoo kwenye posa. Aliumwa na nyoka Ijumaa jioni akiokota kuni walipopiga kambi. Jumamosi alfajiri akafa. Walimzika Jumapili kwenye kijiji cha watu wasiowajua, kwa majembe ya kuazima, na wenzake wakamshauri Mwandu arudi nyumbani. Yeye akakataa. Alisema ameahidi watu, na watu wanangoja.

Pudensiana aliandika barua tatu. Hakuna iliyojibiwa. Baba yake hakumgombeza hata siku moja, na hilo lilimuuma kuliko kiboko. Aliacha tu kukaa na wenzake baada ya misa. Alirudi moja kwa moja nyumbani, kofia mkononi. Alifariki mwaka wa tisini na tano, miaka miwili baada ya mkewe. Mchumba mmoja wa Shanwe alituma salamu, mama yake akaulizauliza mtaani, salamu zikakoma.

* * *

"Kaa, mama," Pudensiana alisema. "Nikuletee chai."

"Chai baadaye. Wewe ndiye ukae."

Wakakaa benchi moja. Barabarani mtu alipita na mkokoteni wa magunia.

"Enoka alirudi mwezi wa tano," Mama Enoka alisema. "Alikuwa Kahama, machimboni, miaka minne."

"Ana familia?"

"Tulimtafutia mke mara mbili. Mara ya kwanza alisema bado. Mara ya pili hakusema, alipanda gari akaenda huko Kahama."

Pudensiana alitazama mikono yake. "Mzee hajambo?"

"Mzee yupo. Jina lako halitajwi nyumbani kwangu. Hajui nimekuja kwako, anajua nimekuja kushona."

"Niliandika barua, mama. Tatu. Niliomba radhi."

"Najua. Mwenzio alizisoma peke yake, akazikunja. Baba yake hajui kusoma, na mimi sijui kusoma." Mama Enoka aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa na ukungu kidogo pembeni, lakini hayakupepesa. "Ulisema kwa mdomo, binti yangu, mbele ya watu. Halafu ukaomba radhi kwa karatasi, mbele ya nani?"

Pudensiana aliinama, akaiokota futi na kuanza kuikunja.

"Mimi nilikukasirikia miaka mitatu," mama aliendelea. "Kila nikikanda unga nakukasirikia. Halafu nikachoka. Na mimi nina mdomo. Mwaka nilioolewa nilimrushia mama mkwe mwiko, wa moto, ukampata hapa." Akagusa bega. "Ila mimi nilikuwa nimeshaingia nyumbani mwake. Alinipiga, nikalia, jioni tukala. Wewe ulikasirika ungali mlangoni, ndiyo tofauti yetu."

"Unataka nifanye nini, mama?"

"Gari la mahindi lililonileta linarudi Sibwesa kesho asubuhi, na jioni linageuza na mzigo. Kama unataka, panda. Sikuahidi kitu. Yule mzee naweza nisimweze."

Usiku ule Pudensiana alikata kitambaa cha kijani na kulishona gauni lote mpaka mwisho, kwa sababu usingizi haukuja na kwa sababu hakujua kama kesho jioni mikono yake ingekuwa na nguvu ya kushona.

* * *

Yeye na Mama Enoka walifika Sibwesa saa sita mchana. Nyumba ya Mwandu ilikuwa pembeni ya kijiji, ua mpana uliofagiliwa, zizi la miti nyuma, michembe ya viazi vitamu imeanikwa juu ya mkeka. Mzee alikuwa kwenye kivuli cha ghala, anasuka kamba ya ngozi. Alikuwa amezeeka sana. Pudensiana alimkumbuka akiwa mtu wa kujaza barabara.

Enoka alikuwa upande wa zizi, anapigilia shoka mpini. Aliinua uso. Nyundo ikabaki hewani, kisha akaishusha taratibu juu ya gogo, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Alikuwa amepata kovu kwenye kidevu na mabega yake yamekuwa mapana ya mtu aliyeshinda shimoni, lakini alisimama vile vile, uzito wote mguu mmoja, kama alivyokuwa akisimama na baiskeli stesheni. Hawakusalimiana. Walitazamana tu, na Pudensiana akajikuta anatafuta sura ya yule kijana wa koti ndani ya uso ule, akaiona.

Akageuka. Alikwenda mpaka mbele ya Mzee Mwandu akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mwadila, baba," alisema. Ndiyo salamu ya Kisukuma ya mchana aliyofundishwa na Enoka zamani, wakisubiri treni.

Mzee aliendelea kusuka.

"Ni binti wa Ponsian," Mama Enoka alisema.

"Nina macho."

Pudensiana alikuwa amemwomba mama awaite wale binamu wawili walioswaga ng'ombe, na walikuja, wakasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Hapo tena hakukuwa na cha kusubiri.

"Baba, nimekuja kusema mbele ya hawa waliokuwepo. Mlikuja kwetu mmetoka kuzika. Mimi sikuuliza. Niliwatukana nyie, nikamtukana mama, nikamwaga maji yenu. Hamkuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Naomba unisamehe."

Kamba ilisimama. Mzee Mwandu aliitupa kando, na ghafla sauti yake ikatoka, kubwa, isiyolingana na mwili ule mdogo.

"Unasema hukuuliza. Ungeuliza ungekufa? Neno moja tu, mmechelewa nini. Unajua kaka yangu alisema nini? Mguu umevimba hivi, ananiambia, Mwandu, usinirudishe nyumbani, mtachelewa ukweni. Hayo ndiyo maneno yake. Nikamwacha kwenye udongo wa watu. Nikaja na udongo huo kwenye kucha. Njia nzima napanga maneno ya kumwambia baba yako, maana msemaji wetu amekufa na mimi si msemaji. Nilikuwa nayo yote hapa." Akajigonga kifua. "Na nilikuwa na kiu, binti. Tangu alfajiri sijanywa. Nikaona jagi linakuja, nikasema moyoni, hawa ni watu."

Alisimama kwa shida, akasema mengine mengi. Akasema juu ya ng'ombe waliorudi wamekonda, juu ya watu wa vijiji vyote vya njiani waliowaona wakienda na kuwaona wakirudi, juu ya mjane wa Luhende aliyeuliza harusi ilikuwaje. Akamwita mtovu wa adabu. Akamwambia baba yake alizaa mdomo, hakuzaa mtoto.

Neno hilo la baba lilimchoma Pudensiana mahali pale pale palipowaka siku ile. Jibu lilikuwa tayari ulimini: baba yangu naye alikaa siku mbili amevaa koti, baba yangu naye alikufa na aibu. Lilikuwa jibu la kweli. Alilisikia likimgonga meno. Akamtazama mzee yule anayetetemeka, mate yamemkauka pembeni mwa midomo, akaona kwamba miaka saba alikuwa amebeba maneno haya na hakupata mtu wa kumwambia. Akaacha yaishe.

Yalipokwisha, alisema, "Ndivyo ilivyokuwa, baba."

Mzee Mwandu alihema. Kisha akaokota fimbo yake, akaingia ndani ya nyumba na kurudisha mlango.

Hakuna aliyempa Pudensiana kigoda. Hakuna aliyemletea kitu. Mama Enoka alipokea gauni lake lililokunjwa vizuri, akalipitisha mkono juu ya maua, akasema kwa sauti ya chini, "Umejitahidi, binti yangu. Nenda, gari lisije likakuacha. Enoka, msindikize."

* * *

Njia ya kutoka nyumbani kwa Mwandu mpaka barabara kuu ilipita kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Enoka alitangulia, kisha akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba. Safari hii hapakuwa na baiskeli katikati.

"Pole na Mzee Ponsian," alisema. "Nilisikia nikiwa Kahama. Nilitaka kuja."

"Hukuja."

"Sikuja."

Wakatembea. Mabua yaliyokauka yalivunjika chini ya miguu.

"Barua zangu ulizisoma?"

"Ninazo mpaka leo."

"Hukujibu hata moja, Enoka."

Alisimama. Alitoa mkono mfukoni, akaurudisha, hakujua pa kuuweka. "Siana," alisema, na jina hilo, ambalo hakuna aliyelitamka kwa miaka saba, lilimfanya Pudensiana ageuze uso kuelekea mashambani. "Siku ile, pale kwenu, ningeweza kusema neno moja. Ningesema tumezika. Ungetupa hilo jagi, ungelia, ungekuwa wa kwanza kutupokea. Nakujua. Neno lilifika hapa." Akagusa koo. "Nikalimeza makusudi. Nilisema moyoni, mwache. Atajua mwenyewe, na siku atakayojua itamuuma."

"Iliniuma."

"Nilitaka ikuume. Kila mtu anasema Pudensiana alikuwa na hasira. Mimi nilikuwa na hasira kuliko wewe. Yako iliisha siku tatu. Yangu niliibeba nikaenda nayo machimboni, na kila barua yako nilipoipata niliilisha hiyo hasira, nikasema, asubiri. Nikasema nitajibu mwaka ujao. Mwaka ujao nikaona aibu kujibu." Alipumua. "Wote wanakulaumu wewe kwa sababu wewe walikusikia."

Pudensiana alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi kwenye safari ile. Hakuwa amejiandaa kuombwa radhi. Alihisi hasira ndogo, ya zamani, ikinyanyua kichwa: miaka saba, na ungeweza kusema neno moja. Akaitazama. Akaiacha ipite mpaka akabaki na kilichokuwa chini yake, ambacho kilikuwa majonzi tu ya miaka iliyokwenda. Angekuwa na watoto wawili au watatu sasa. Baba yake angewapakata.

"Ungeniambia," alisema taratibu.

"Ningekuambia."

"Na mimi ningeuliza."

Walikuwa wamefika barabarani. Lori lilikuwa linakuja kwa mbali, mahindi juu, vumbi nyuma. Dereva alipiga honi ndefu kumtaarifu abiria wake ajiandae.

"Nikija Mpanda," Enoka alisema haraka haraka, kama mtu anayeogopa gari kuliko simba, "nikija Ijumaa, nikakuta unashona, utanifukuza?"

"Utakuja kama nani? Baba yako ameingia ndani akafunga mlango."

"Nitakuja kama mtu mwenye shati limechanika."

Pudensiana alicheka. Kicheko kilitoka kabla hajakizuia, kile cha zamani, na macho ya Enoka yakajaa machozi kwa kukisikia.

"Bila baraka ya mzee siwezi, Enoka," alisema kicheko kilipokwisha. "Sitaingia kwa mtu nikiwa nimemwacha nje ya mlango wake mwenyewe. Nimeshamwacha nje ya mlango mara moja, kwetu."

Enoka aliinamisha kichwa. Alijua ni kweli, na alijua hawezi kumbishia.

Lori lilipunguza mwendo. Pudensiana alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akatafuta pa kushika apande. Hapo ndipo waliposikia sauti nyuma yao. Mama Enoka alikuwa anakuja kwenye njia ya mashambani, anakimbia, yeye aliyekuwa akitembea mkono kiunoni, kitenge kimemwanguka begani na hakiokoti.

"Ngojeni," alisema alipowafikia, akashika mkono wa Enoka apate pumzi. "Ngojeni nipumue."

"Mama, kuna nini?" Enoka aliuliza.

"Ametoka. Baba yako. Amenikuta jikoni." Akameza mate. "Ananiuliza, yule mtoto amekula nini? Nikamwambia hajala kitu. Ananiambia, ametoka Mpanda asubuhi, nyumbani kwangu, hajala kitu? Anagomba huko, anataka kuchinja jogoo yeye mwenyewe na mikono yenyewe inatetemeka."

Lori lilisimama. Dereva alichungulia dirishani.

"Dada, unapanda au hupandi? Mimi kesho sina safari. Gari ni mpaka Jumatatu."

Pudensiana alimtazama Mama Enoka, aliyekuwa anajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akamtazama Enoka, ambaye hakuthubutu kumwangalia usoni. Kisha akaondoa mkono wake kwenye bodi ya lori.

"Nenda tu, kaka," alimwambia dereva. "Nimeitwa kula."